Bash: fanksheni ijazeje orodha ya aliyeiita? Msaada wa haraka

MwanaTeminali: Wakuu, nimekwama tangu jana na skripti ya Bash, sheli inayoendesha amri za teminali. Fanksheni yangu inakusanya majina ya mafaili, nataka ijaze orodha ya aliyeiita, siyo nakala yake. Nimetumia `local -n` (rejeo, yaani jina la ndani linaloelekeza kigeu cha nje), inanimwagia onyo: "circular name reference". Kesho asubuhi bosi anaitaka kwenye seva.

Mzee_wa_Sheli: Sisi wa ksh93, sheli ya Korn, tulikuwa na `typeset -n` zamani. Bash imekuja kuipata toleo la 4.3, mwaka 2014. Vijana mnachelewa kila kitu.

ChatuMpole: Andika kwa Python ulale. Yangu ilianza mistari 40, ikafika 900, mke akaniuliza nimeoa nani.

Panya_Buku: Weka msimbo wenyewe. Unaiitaje, na ndani rejeo umelipatia jina gani?

MwanaTeminali: Naita `kusanya mafaili`, ndani ni `local -n mafaili=$1`. Jina silibadilishi, limezagaa skripti nzima.

Panya_Buku: Ndo ugonjwa wenyewe. `mafaili` inajielekeza yenyewe. Badilisha la ndani tu, liwe `_rejeo`. Na usiiite baada ya `|`, itaendeshwa kwenye sheli ndogo na ulichojaza kitafia humo.

MwanaTeminali: Shukrani, ila nimeshahamia `eval "$1=$2"`, inayosoma maandishi kama amri, jina mojamoja. Seva ina Bash 3.2. Nimejaribu, inakubali vizuri tu.

Mzee_wa_Sheli: Faili likiitwa "ripoti ya Mei", itatafuta amri inayoitwa `ya`. Likiitwa "ripoti, rm *", pole mapema, maana `rm` ni amri ya kufuta mafaili.

Dada_Mashaka: Ngojeni. Bash 3.2 haiijui `-n`, ingekujibu "invalid option". Hilo onyo umelitoa wapi? Hadithi ya kutunga hii. Au ni swali la usaili unatufanyisha sisi.

ChatuMpole: 😂😂 Kamatwa huyo.

MwanaTeminali: Sijatunga dada! Onyo ni la laptop yangu, ina 5.2. Seva ni Mac mini.

Dada_Mashaka: Ungesema Mac tangu mwanzo, maana zote bado zinakuja na 3.2. Basi `local -n` sahau. Tumia `printf -v "$1" %s "$2"`, hiyo 3.2 inaielewa. Ukiing'ang'ania eval, iwe `eval "$1=\$2"`; ule mkwaju wa `\` unazuia thamani isisomwe kama amri. Jina la kigeu liandike mwenyewe, usilipokee kutoka nje.

MwanaTeminali: Na kama ile isiyo na mkwaju nimeshaiweka kwenye cron, ile ya kuendesha kazi kwa ratiba, saa nane usiku?

Panya_Buku: Sasa hivi saa ngapi huko?

MwanaTeminali: Saba na dakika hamsini.