Vifaranga wa fezanti hapa Iowa: wameisha au wamejificha?

Mnyamwezi_wa_Sikonge
Wakuu, salaam. Mwaka wa tatu huu niko Iowa, Marekani. Napiga shifti ya usiku kiwandani, narudi alfajiri kwa barabara ya kokoto, mahindi huku na huku. Kwa asiyemjua fezanti: ni jamii ya kuku na kwale. Jogoo wake uso mwekundu, shingo ya kijani yenye pete nyeupe, mkia mrefu wa kujivunia. Mtetea ana rangi ya majani makavu, karibu umkanyage ndipo umwone.

Katikati ya Juni nilisimamisha gari karibu na daraja dogo, mtetea anavusha watoto. Nikahesabu tisa, kama ndimu zilizoota miguu. Wiki iliyofuata ikaanguka mvua ya baridi, mitaro ikajaa. Tangu hapo kimya. Jana, Agosti inaisha, naona pale pale mtetea ana wanne tu. Wale watano ndiyo basi tena? Msimu wa kuwawinda unafunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba na kibali ni pesa. Nilipe, au mwaka huu niuache upite?

BabaNeema
Kaka, kabla sijajibu: hao wanne wana ukubwa gani?

Mnyamwezi_wa_Sikonge
Kama kwale wa kwetu. Mkia bado.

BabaNeema
Basi hao siyo wale wa Juni. Wa Juni sasa wana wiki kumi, wanamkaribia mama yao, na majogoo wameanza madoa ya kutu kifuani. Hao wako wana wiki tano hivi, wametoka kiota cha pili. Mtetea akiharibiwa mayai hutaga tena, ila machache. Akishaangua, hata watoto wakifa wote, kwa kawaida hatagi tena hadi mwaka ujao. Kwa hiyo umemwona jirani, siyo yule wako.

Wale tisa usiwazike, lakini pia usitegemee kuwakuta wote. Kifaranga wa siku chache akilowa hawezi kujipasha joto, na mvua ikizidi wadudu nao hupotea, na kwa umri ule chakula chake ni wadudu karibu watupu.

Mimi lakini naogopa mashine kuliko mvua. Nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Juni ya mwaka juzi tulikuwa tunakata lusini, majani ya kulisha ng'ombe, mkato wa kwanza, mimi niko nyuma kwa miguu. Mtetea hakuruka. Aliendelea kuatamia hadi visu vikampitia. Chini yake mayai kumi na moja rangi ya zeituni, moja limepasuka, mengine nikiyashika bado yana joto lake. Siku 23 tu anazohitaji, na sisi tunaingia katikati yake. Nikamwomba mwenye shamba tuache ukanda kando ya mtaro hadi Julai. Akanijibu ng'ombe wake hawali ndege. Mwaka huu ukanda umebaki haujakatwa. Hajasema neno, nami sijauliza.

Halafu unapita asubuhi ya aina gani? Idara ya maliasili ya jimbo huwahesabu kati ya tarehe 1 na 15 Agosti, njia zaidi ya 200, kila moja maili 30, na hutafuta asubuhi ya umande mzito. Mtetea hapendi watoto walowe, huwatoa kwenye kokoto wakauke. Asubuhi kavu utapita hapo hapo usione hata unyoya. Kioo cha gari kikiwa kimelowa chapachapa, hiyo ndiyo siku yako.

Mama_Bukavu
Mnapima vifaranga na kuku wamejaa dukani! Mume wangu msimu uliopita alimaliza tangi la mafuta akarudi na jogoo mmoja, bawa moja limeachwa na manyoya yake, eti sheria. Nikatema marisau mawili mezani mbele ya wageni. Mchuzi lakini, sikatai, ulikuwa mchuzi.

BabaNeema
Mama, shikamoo. Bawa ni sheria kweli, askari wa wanyamapori akikusimamisha njiani aone ni jogoo. Mitetea hairuhusiwi, na majogoo ni watatu kwa siku, saa 2 asubuhi hadi saa 10:30 jioni.

Ndiyo maana nimeuliza ukubwa, kaka. Hao wanne siku ya ufunguzi watakuwa na wiki kama kumi na nne. Jogoo wa umri huo anaweza kuwa hajamaliza kuvaa rangi, na akiruka upande wa jua utaona kivuli tu. Usipoiona pete, shusha shotgani. Na mahindi yakiwa hayajavunwa, wiki ya kwanza wote wamo humo, utalaumu mvua bure.

Huyu ndege naye mgeni, asili yake Asia. Mwanzoni mwa karne iliyopita dhoruba ilivunja mabanda walimofugwa huko Cedar Falls, hapa hapa Iowa, wakatoka kama 2,000, bila viza.

Mnyamwezi_wa_Sikonge
Leo kioo kilikuwa kinachuruzika. Nimepita darajani mara mbili, ya pili nimezima injini nikangoja. Ametoka mtetea, nyuma yake sita wakubwa wanajikung'uta kwenye kokoto. Mmoja kifuani ana doa kama kutu ya bati.

Kibali nimelipa. Mama Bukavu, mchuzi unaungwaje?