Nyumba ya miti na udongo ya Ulaya imedumuje zaidi ya miaka 400?

Mjukuu wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu zangu, naomba kuelimishwa. Mgeni aliyefikia kwetu alinionyesha picha ya nyumba ya kijijini kwao Alsace, Ufaransa, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 16, zama za Renaissance. Nguzo na boriti zake zinaonekana kwa nje, na nafasi zilizo kati yake zimejazwa fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Nilicheka, kwani nyumba ya marehemu babu ilijengwa vivyo hivyo, lakini ilianza kuinama kabla haijatimiza miaka 30, na juzi nilipoibonyeza nguzo ya kona kwa kidole, ilibonyea kama mkate. Mgeni anasema yao inalindwa na serikali, hata dirisha hawabadilishi bila kibali. Je, siri ni udongo wao au ni sheria?

Seremala wa Ng'ambo (Tabora)

Udongo hauna siri. Sisi huchimbia nguzo ardhini, na mchwa huanza kazi siku hiyo hiyo. Wao huikalisha fremu nzima juu ya msingi wa mawe, ili mti usinywe unyevu. Mti wenyewe mara nyingi ni mwaloni, mgumu kweli kweli (ndugu wa Kigoma asidhani ni mwaloni Kibirizi wanakoanika dagaa). Maungio hayategemei misumari: ulimi wa boriti moja huingia katika tundu la nyingine, kisha kigingi cha mbao hupitishwa katikati. Seremala aliiunganisha fremu kwanza uwanjani, akachonga alama kwenye kila kipande, akaifungua na kuisimamisha mahali pake. Kwa hiyo nyumba hizo huweza hata kuhamishwa: makumbusho ya Ungersheim, huko huko Alsace, yaliyofunguliwa mwaka 1984, yana nyumba nyingi zilizovunjwa vijijini na kusimamishwa upya hapo. Kuta zilikandikwa tena kila zilipochakaa, kama tufanyavyo sisi mvua zikiisha.

Mwalimu Mstaafu (Kwihara)

Niongeze kuhusu umri. Wataalamu hutoboa boriti kwa kekee nyembamba, wakalinganisha mpangilio wa pete za mti na ule unaojulikana tayari. Pete ya mwisho chini ya gome hutoa mwaka mti ulipokatwa. Lakini nyumba moja huweza kuwa na umri zaidi ya mmoja: Maison Kammerzell ya Strasbourg ina ghorofa ya chini ya mawe ya mwaka 1467, na ghorofa za mbao za juu ni za 1589.

Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine hulindwa yakitangazwa rasmi. Tunalo tembe hapa Kwihara, alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi, na nalo ni la udongo. Sheria humzuia mtu kubomoa; kukandika ni lazima pawe na wa kukandika.

Mjukuu wa Ujiji (Kigoma)

Nashukuru sana, Mwalimu, nawe fundi. Nguzo ile naitoa Jumamosi. Je, mninga utafaa?

Seremala wa Ng'ambo (Tabora)

Utafaa, mradi usiuchimbie. Chonga sehemu yote nyeupe ya nje, maana mchwa huanzia hapo, kisha uusimamishe juu ya jiwe bapa.