Picha za wagonjwa wa akili wa zamani: maneno ya chini aandike nani?

Kalamu Kavu: Wakuu, tazameni picha za hospitali ya Salpêtrière, Paris, za miaka ya 1870, enzi za daktari Charcot. Kuna binti anaitwa Augustine, aliingia 1875 ana miaka 14. Kwenye picha moja ameshikanisha mikono, macho juu, unasema huyu anasali. Chini wameandika "dua ya mapenzi". Ukishasoma hapo, sala imekwisha, unaona wanachotaka wao uone. Leo wasanii wanazichukua picha hizohizo wanaweka maneno yao. Mimi nasema picha ibaki bila neno. Mnasemaje?

Mzee wa Kibaraza: Hao wasanii waanzie hospitali ya akili Mirembe, Dodoma, wakitoka tujadili.

Mgogo Halisi: Umeanza. Mtu ukisema kwenu Dodoma, watu wanakuuliza umeruka ukuta lini. Tumechoka.

Dada Sikitu: Kalamu, mama yangu mdogo alilazwa hospitali ya akili, sisemi ipi. Picha yake ya wakati ule ni moja tu, iko kwenye faili, ameshika kibao cha namba. Ukisema picha ikae bila neno, pale neno ni namba. Wewe umeona mikono inayosali kwa sababu hakupewa kibao.

Mzee wa Kibaraza: Utani wa Mirembe tumeukuta. Hata Wajerumani walioijenga walijua wanamjengea nani 😂

Mgogo Halisi: Wajerumani gani mwaka 1927? Mwingereza alishakaa. Wajerumani ni wale wamisionari wa hospitali ya akili ya Lutindi, Korogwe. Ukitaka kututukana, tutukane na tarehe sahihi.

Wa Eastlands: Huku kwetu Nairobi ni Mathari. Ilianza 1910, na kabla ya hapo palikuwa pa kutengea wagonjwa wa ndui. Hamna mlichotushinda.

Mzee wa Kibaraza: Wakenya nao! Hata kwa vichaa mnataka kutangulia.

Dada Sikitu: "Vichaa." Haya.

Mbeba Boksi: Huku New York kulikuwa na hospitali inaitwa Willard. Ilipofungwa 1995 wakakuta darini masanduku ya wagonjwa zaidi ya 400. Mpiga picha Jon Crispin akayapiga, nguo, barua, vikombe. Ila majina ya ukoo hakuruhusiwa kuyaweka, eti siri ya mgonjwa. Makaburi yao nayo ni namba. Siri gani ya mtu aliyekwisha kufa?

Kalamu Kavu: Ndiyo hoja yangu hiyo.

Mbeba Boksi: Siyo yako. Wewe umekataa maneno, mimi nadai majina.

Kalamu Kavu: Jina siyo maneno! Rudi juu usome, nilikataa maneno ya daktari.

Wa Eastlands: Nimerudi juu. Umeandika "bila neno".

Kalamu Kavu: Naona leo nimekuwa mimi maonyesho.

Mgogo Halisi: Kwani Augustine aliishia wapi?

Mbeba Boksi: Alitoroka 1880, amevaa nguo za kiume. Hiyo picha hawakuwahi kumpiga.

Mzee wa Kibaraza: Safi sana! Huyo sasa ndiyo mgonjwa wa kuandikiwa maneno. Dada Sikitu, samahani kwa lile neno. Dodoma siombi radhi, wamezidi kununa.

Mgogo Halisi: Baki nayo.

Kalamu Kavu: Dada, mama mdogo bado yupo? Angetaka chini ya picha yake iandikwe nini?

Dada Sikitu: Yupo, nimempigia sasa hivi. Anasema waandike kile kitenge alichovaa kilikuwa kipya na hakikurudishwa.

Mzee wa Kibaraza: Kitenge cha wapi?

Dada Sikitu: Cha Kongo. Kasema usiulize bei, atalia upya.