Re: Baiskeli, waenda kwa miguu na sheria za barabarani hapa Uingereza

Kutoka: mwanajumuiya, Leicester

Habari zenu ndugu zangu,

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Basi la alfajiri halinifikishi kwa wakati, kwa hiyo nimeanza kuzunguka kwa baiskeli. Nikikaa katikati ya njia napigiwa honi. Juzi gari likanipita na papo hapo likakata kushoto mbele yangu, nusura nianguke. Mume wangu anajiandaa na mtihani wa leseni, na yeye anasema mwenye baiskeli akae pembeni kabisa. Sheria inasemaje? Ahsanteni.

Kutoka: mwanajumuiya, London

Pole sana dada. Mimi ni dereva wa basi, na suala hili naliishi kila siku. Mwambie shemeji asome Highway Code, yaani kitabu cha kanuni za barabarani cha hapa, ya baada ya tarehe 29 Januari 2022, maana nakala nyingi za zamani bado zinazunguka mikononi mwetu.

Jambo kubwa lililoingia mwaka ule ni kwamba mwenye uwezo wa kumuumiza mwenzake zaidi ndiye mwenye jukumu zaidi. Dereva wa lori anatangulia kuwajibika, halafu wa gari dogo, halafu mwenye baiskeli, naye anamlinda anayetembea. Sisi tuliokulia Dar, Mombasa au Kampala tulijifunza kwamba gari likija, wa miguu ndiye anayekimbia. Mazoea hayo tukienda nayo kwenye usukani huku, tutaua mtu.

Shemeji aelewe vizuri habari ya kona. Unakata kushoto kuingia mtaa mdogo, na pale ukingoni amesimama mama na kigari cha mtoto, magurudumu ya mbele yananing'inia juu ya lami. Zamani ulitakiwa kumpisha aliyekwisha kuingia barabarani. Sasa hata huyo anayesubiri unampisha. Simama, tulia. Usimpungie mkono wala kumwashia taa, kwa sababu wewe huwezi kumhakikishia kwamba hakuna gari jingine linalokuja. Na wewe dada, ukikata kona na baiskeli yako, mpishe vilevile.

Kwenye kivuko cha zebra, mtu akishaweka mguu, kumpisha ni lazima kisheria. Ukikaidi ni faini ya pauni 100 na pointi 3 za adhabu kwenye leseni. Kushika simu unaendesha ni pauni 200 na pointi 6, na dereva aliye ndani ya miaka 2 tangu afaulu mtihani akifikisha pointi 6 leseni inafutwa, anaanza upya kama mwanafunzi. Wengi wetu leseni za nyumbani tunaziendeshea miezi 12 tu tangu tuhamie, kisha tunatafuta ya hapa kwa gharama na jasho. Inauma kuipoteza kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp.

Sasa swali lako. Kwenye mtaa tulivu, kwenye foleni inayosogea polepole, ukikaribia makutano au barabara ikibana, kaa katikati ya njia. Unaruhusiwa, na madereva wanakuona vizuri zaidi. Anayekupita akiwa kwenye mwendo wa hadi maili 30 kwa saa akuachie angalau mita 1.5. Yule aliyekukatia amekosea: wewe ukienda moja kwa moja, anayekata kona anasubiri upite. Alfajiri kabla hakujapambazuka, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, pamoja na kiakisi chekundu nyuma, ni lazima. Helmeti hailazimishwi, lakini nakusihi uvae. Njia ya waenda kwa miguu usiipande, ni kosa.

Si kila kanuni ya kitabu hicho ina faini yake. Ila kesi ikifika mahakamani, kuivunja kunaweza kutumiwa dhidi yako, hata kwenye madai ya fidia.

Kutoka: mwanajumuiya, Birmingham

Ahsante kaka. Niongeze kwa upande wetu wa teksi: milango. Kufungua mlango wa gari ukamhatarisha mwenye baiskeli anayepita ni kosa, faini inaweza kufika pauni 1,000. Dereva afungue kwa mkono wa kushoto. Mwili unageuka wenyewe na jicho linaona nyuma. Abiria wa upande wa kushoto atumie wa kulia. Mimi nawaambia abiria wangu kabla hawajagusa kitasa.

Kwa waliotoka Dubai kama mimi: huku hakuna faini ya kuvuka nje ya kivuko, ila kutembea kwenye motorway, yaani barabara kuu ya mwendo kasi, hairuhusiwi kabisa.

Na dada, ukigongwa usiseme "niko sawa" ukaondoka. Piga picha namba ya gari, chukua jina na anwani ya dereva. Asipokupa, yeye analazimika kuripoti polisi ndani ya saa 24, na wewe ripoti vilevile. Akikimbia au akiwa hana bima, ipo Motor Insurers' Bureau inayolipa fidia kwa waliogongwa na madereva wa namna hiyo, na jambo la kwanza watakalokuuliza ni kama polisi wana taarifa.