Masanduku, mabegi laini au kiroba na mpira: kipi kinafaa mzunguko wa Dodoma–Kondoa–Babati–Singida?

Kanyaga_Twende
Mbukwenyi wakuu. Mwezi wa saba mimi na mwenzangu tunazunguka: Dodoma, Kondoa, tupite Kolo kuona michoro ya miambani, Babati, Katesh chini ya Mlima Hanang, Singida, Manyoni, turudi kupitia Bahi. Mimi nina Boxer 150, yeye ana Honda XL 125 ya zamani. Njia kuu ni lami, ila Kolo kupandia kwenye miamba ni mawe matupu. Mzigo ni nguo, hema dogo, jiko, vifaa vya matengenezo na maji. Tumekwama kwenye kufunga: masanduku magumu ya pembeni, mabegi laini ya kuning'iniza, au kiroba juu ya keria kama bodaboda wanavyobeba? Waliowahi kusafiri watupe mwanga.

Fundi_Changombe
Mkuu, mimi nachomelea, kwa hiyo ungetegemea nikuuzie masanduku. Sikuuzii. Boxer ni pikipiki ndogo. Masanduku mawili ya bati na fremu zake, kabla hujaweka hata soksi, tayari yamekula sehemu kubwa ya uzito ambao shokapu za nyuma zinauvumilia. Halafu yanatanuka pembeni. Ukipishana na basi kwenye lami nyembamba, ule upepo wake unayasukuma yote mawili.

Jambo kubwa zaidi: ukianguka kwenye mawe, sanduku gumu linaweza kubana mguu chini. Begi laini linabonyea.

Ila hata begi laini linahitaji fremu. Usiliache lining'inie bure, litaingia kwenye spoki au litagusa ekzosi. Tengenezeni fremu ya bomba jembamba, ifungwe kwa bolti kwenye matundu ya keria na ya shokapu. Fundi akitaka kuchomelea moja kwa moja kwenye chasisi, mkatalie. Ule moto unadhoofisha bomba, na ufa utaanzia pale pale pembeni ya weldi. Na upau wa kuunganisha fremu ya kulia na ya kushoto kwa nyuma usisahaulike, bila huo zinacheza mpaka bolti zinalegea.

Mkaa_Express
Wakuu mnajisumbua. Kiroba, turubai na mipira ya tyubu, basi. Sisi tunashusha mkaa mjini kila siku na hakuna gunia linalodondoka. Mpira uliokatwa kwenye tyubu la zamani unashika kuliko zile kamba za kuvutika zenye ndoano. Ndoano ikichomoka inakurudia usoni, au inaingia kwenye cheni. Mpira wa tyubu ukikatika Kondoa, fundi wa pancha yeyote anakukatia mwingine hapo hapo.

Dada_wa_Mtera
@Mkaa_Express, kwa mpira wa tyubu nakuunga mkono kabisa, hata mimi natembea nao. Lakini mkaa hauhitaji kufunguliwa njiani, kaka. Huyu mwenzetu akitaka koti pale Katesh jioni, baridi ya Hanang imeshamshika, atafungua mzigo mzima barabarani.

Na kuna suala la uzito kukaa wapi. Kiroba kinakaa juu, tena nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Mzigo wa namna hiyo unainua mbele: usukani unakuwa mwepesi, na kwenye kona zenye changarawe tairi la mbele halishiki. Mabegi ya pembeni yanashusha uzito chini na kuusogeza karibu na dereva. Kwenye lami iliyonyooka ya Bahi hutaona tofauti. Kule Kolo utaiona.

Begi laini lenyewe, kama mfuko unaweza, yapo ya kampuni za Giant Loop au Kriega. Kama hauwezi, mtafute fundi wa maturubai ashone mawili kwa turubai zito la lori, mdomo wake ukunjwe mara tatu kabla ya kufunga bizimu. Mdomo wa kukunja unazuia maji, na muhimu zaidi kwa mwezi wa saba, unazuia vumbi. Zipu ikijaa vumbi haifunguki tena. Ndani weka kila kitu kwenye mifuko ya plastiki ya rangi tofauti, ili usipekue gizani.

Mtumishi_AreaC
Wizi je? Sanduku lina kufuli. Begi la turubai mtu anakata kwa wembe ukiwa unakunywa chai.

Dada_wa_Mtera
@Mtumishi_AreaC, kufuli la sanduku la bati linafunguliwa kwa bisibisi. Mimi mabegi yangu yana mikanda, nikifika gesti nayatoa yote mawili naingia nayo chumbani. Sanduku lililofungwa kwa bolti linalala nje na pikipiki. Mkisimama kula, kaeni mahali mnapoziona. Mko wawili, mmoja anabaki.

Mtumishi_AreaC
Sawa, hapo nimekuelewa. Bado kwa mtu wa mjini anayebeba kompyuta kwenda ofisini nasema sanduku dogo la nyuma. Kwa safari ya Kolo, hapana.

Fundi_Changombe
Nyongeza kuhusu ekzosi. Ya Boxer iko kulia. Kabla ya kuweka begi, fungeni bati la kukinga joto kwenye fremu, na liachiwe nafasi ya hewa, lisilaliane na bomba. Turubai la plastiki likigusa ekzosi linayeyuka na kuganda pale. XL ipimeni mkiwa mmekaa juu yake, kwa sababu mzigo ukishusha shokapu, begi nalo linashuka.

Na mambo haya watu huyapuuza: mkishapakia, pimeni ulegevu wa cheni upya, ongezeni upepo wa tairi la nyuma kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na inamisheni taa ya mbele. Nyuma ikishuka, taa inamulika juu na kuwapofusha wenzenu.

Asali_ya_Kondoa
Karibuni kwetu. Kabla ya kupanda miambani piteni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale hapo Kolo, mlipie kibali na kupata mwongozaji. Eneo lile ni urithi wa dunia tangu 2006, hamwendi tu kama shambani. Mizigo mikubwa ombeni kuiacha chini, mpande na maji tu.

Jiko nalo acheni nyumbani. Toka Dodoma hadi Singida hakuna mji usio na mama ntilie. Nafasi ya jiko wekeni tyubu mbili za akiba, za mbele na nyuma, viraka, pampu ya mkono, spana za ekseli, plagi na waya wa klachi. Hivyo vikae chini kabisa kwenye begi la kushoto, mbali na ekzosi. Ndivyo vizito, na vitasawazisha upande wa pili.

Mkaa_Express
Kiroba kimoja kitupu kunjeni mweke chini ya kiti. Mkifika Singida mtanunua mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji, mtanitafuta.

Kanyaga_Twende
😂 Kuku juu ya XL, mwenzangu atanikimbia. Wakuu asanteni. Tumekubaliana mabegi ya turubai, fremu ya bolti, mipira ya tyubu, hema juu ya keria maana ni jepesi. Jiko linabaki nyumbani. Fundi, nikuletee vipimo lini?

Fundi_Changombe
Vipimo vya karatasi sivitaki. Leta pikipiki zote mbili na mabegi yakiwa yamejaa, na mwenzako aje akae juu. Njooni asubuhi, jua likiwa kali rangi ya fremu inakauka vibaya.