Taa angani halafu kiumbe mtini, mbona hivi vitu huandamana?

Bint_Mtongwe
Asalam aleikum jamani. Nina swali na naomba mnijibu kwa dhati manake limeninyima usingizi. Alhamisi baada ya magharibi tu tulikuwa uani hapa Mtongwe, mimi na mamangu na mtoto wa dadangu wa miaka tisa, tukaona taa nyingi angani zimepangana mstari mmoja kama ushanga, zinatoka bara zinaelekea baharini, hazina mlio, kisha zikazimika moja moja. Mama akaanza kusoma dua. Sasa usiku huohuo mwendo wa saa tano mtoto katoka kwenda chooni akarudi mbio anatetemeka, ati juu ya mti wa mkungu kuna mtu mdogo mwenye uso mweupe anamtizama, akatoa sauti kama mtu anakwaruza mabati, kisha akaruka kimyaaa. Nilitoka na tochi ya simu sikuona kitu, lakini mtoto huyu si muongo, nimemlea mwenyewe. Mbona hata huko nje nikisoma habari za UFO, hivyo vyombo visivyojulikana vya angani, hazipiti mbali na viumbe wa ajabu? Ni kitu kimoja ama viwili?

Darubini_MSA
Waleikum salam dada. Hizo taa kwa maelezo yako ni satelaiti za Starlink, zile za intaneti, zikirushwa karibuni huwa bado zimefuatana. Zinang'aa kwa jua ambalo kwetu huku chini lishatua, zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinazimika moja moja, na jioni kivuli kiko mashariki, ndiyo maana zikapotelea baharini.

Sasa huyo wa mkunguni. Marekani, jimbo la West Virginia, kijiji cha Flatwoods, tarehe 12 Septemba 1952 watoto walikuwa wanacheza mpira wakaona moto unapita angani, wakapanda kilimani na mtu mzima mmoja kutafuta ulipoanguka, wakakuta kitu kirefu kina macho yanawaka kinawafokea, wakatimka. Ule moto ulikuwa kimondo, ulionekana majimbo kadhaa usiku ule. Na kiumbe, mtafiti Joe Nickell alipokwenda baadaye akasema ni bundi aliyekaa kwenye tawi, uso wake umekaa kama kopa ya karata, na majani ya chini yakaonekana kama gauni. Miaka mitatu mbele, Agosti 1955 kule Kelly, Kentucky, mgeni alitoka kuchota maji kisimani akarudi anasema kaona chombo kinashuka, baada ya muda familia nzima inapiga risasi vijitu vyenye masikio makubwa dirishani. Hapo pia wengi husema ni bundi. Kwa hivyo mimi naona ni vitu viwili, ila mwanga ndio humfanya mtu atazame juu. Huo mti mnaupita kila siku, nani huinua kichwa?

Mpemba_wa_Majengo
Darubini nakuheshimu lakini usitubebeshe bundi kwa kila kitu. Mwaka 1995 Pemba popobawa, yule jini anayesemwa huvamia watu usiku, alipoingia watu walilala nje wamewasha moto, ikafika Unguja mpaka Dar, na hapakuwa na taa yoyote angani. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, roho zimekaa juu juu. Basi hofu inatangulia, taa ni sababu moja tu ya kuileta.

Na kwetu waswahili hii si mpya. Nyota ikikimbia usiku wazee wanasema nini? Kimondo, shetani anapigwa. Surat al-Mulk aya ya 5 iko wazi, nyota ni za kuwapopolea mashetani. Mtoto aliyekua na maneno hayo, halafu amsikie bibi yake anasoma kwa ajili ya taa, ulitaka aone nini mtini? Mama hakukosea kusoma lakini, mwacheni.

Nahodha_Likoni
Mie navua usiku miaka kumi na tisa. Karabai za wenzetu kukiwa na ukungu unaziona zimeelea hewani kabisa, bahari huioni. Mara ya kwanza nililia. Dada angalia chini ya huo mkungu asubuhi, mkono usiguse.

Bint_Mtongwe
Nimerudi. Nimeangalia, Nahodha. Kuna madonge meusi kama matatu, marefu kama kidole gumba, yamekaa kama nywele zilizobanwa, nikalipasua moja na kijiti nikakuta fuvu la panya dogo na meno yake ya manjano yamo. Na shina upande wa ukutani limechirizika nyeupe, tena ya zamani, si ya siku moja. Yaani amekaa hapo miezi na sisi tunafagia chini yake!

Mama nimemuonyesha, akasema bundi ni bundi, lakini kwa nini alijionyesha usiku ule. Sikuwa na jibu la kumpa. Jirani anataka kumrushia mawe nimemkataza, panya wa hapa mnawajua. Mtoto leo kaomba tuketi uani baada ya isha na taa tuzime, yeye ndiye atakayeshika tochi.

Darubini_MSA
Mwambie asimmulike machoni.