Naongoza maombi, lakini moyo umezima

Swali: Wapendwa, niko mwaka wa pili, Eldoret. Naongoza maombi ya alfajiri, kisha nalala na viatu hadi jioni, chai imefanya utando kikombeni. Wiki hii nimewaza kufa mara mbili. Mzee wa maombi anasema imani yangu haba.

Jibu: Dada, Eliya pia aliomba afe, chini ya mti wa mretemu. Malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji. Usilale peke yako leo.

Jibu: Nilienda kwa mshauri wa chuo, rozari mfukoni. Aliniuliza maswali 9 ya kupima sonona, la mwisho ndilo hilo lako la kuwaza kufa. Hakushtuka. Polisi usiogope: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba.

Muulizaji: Nimemwamsha rumeti. Anachemsha chai. Kesho ananisindikiza kwa mshauri.